Bangi ya dawa: kuuza ua au kukamua mafuta? Hesabu za mtu aliyekaa stoo

MtunzaStoo (Fort Portal)

Wakuu, habari za huko mliko.

Kila baada ya siku chache naona mtu anafungua uzi kusema Waganda tunalima halafu wageni wanakula faida, na dawa yake ni tununue mtambo tukamue mafuta wenyewe. Juzi shemeji yangu kanipigia kutoka Mbarara. Ana ardhi kidogo na mjomba mwenye pesa, anataka kujua mtambo wa kukamua ni bei gani. Nikamwambia subiri nikuandikie. Basi nimeona niandike hapa mara moja, maana swali lake ndilo mnalouliza wengi.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye shamba lenye leseni, shamba la bangi ya dawa ya kusafirisha nje. Silitaji jina na msiniulize inbox. Mimi si mkemia wala si mwanasheria. Nilikuwa napima, naandika, nafunga kufuli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Akina mama wanakaa kwenye meza ndefu, wanapogoa maua kwa mikasi midogo. Baada ya saa moja mkasi haufunguki tena, umejaa gundi nyeusi. Wanaikwangua kwa kisu, wanaiweka kwenye kisahani, wananiletea. Napima: gramu 11. Naandika kitabuni, naweka sahihi, msimamizi anaweka sahihi, mlinzi anaweka sahihi. Sahihi tatu kwa uchafu wa mikasi. Glavu nazo zinapimwa kabla ya kuchomwa. Mnaofikiria gharama ya biashara hii ni mbegu na mbolea, anzeni kuhesabu hapo.

Sasa twende kwenye swali. Chukua kilo 100 za maua makavu. Hizo zimetoka kwenye kilo 400 hadi 500 mbichi, maji yote yamekwisha. Maabara inasema THC, kile kinacholevya ndani ya bangi, ni asilimia 18, yaani kilo 18 ndani ya mzigo. Lakini ndani ya ua kitu hicho bado ni asidi. Ukikipasha moto kinatoa kaboni dayoksaidi na uzito wake unashuka hadi kama asilimia 88, kwa hiyo kilo 18 zimekuwa 15.8. Mtambo nao hautoi zote. Ukipata 85 kwa 100 mkemia wako anastahili soda, hapo una 13.4. Ukikeneka tena, yaani kuchemsha na kukusanya mvuke, kupata mafuta safi ya rangi ya asali, unaacha asilimia 10 nyingine njiani, umebaki na 12. Mafuta hayo yakiwa na usafi wa asilimia 85, chupa zako zote kwa pamoja ni kilo 14 na kidogo.

Kilo 100 zimekuwa 14. Saba kwa moja.

Kwa hiyo kilo ya mafuta lazima iuzwe zaidi ya mara saba ya kilo ya ua, ndipo uanze kulipia spiriti ya kukamulia, umeme, mkemia, vipimo na mkopo wa mtambo. Tuseme ua ni dola 1,500 kwa kilo. Hiyo ni bei ya mfano tu, msije mkaninukuu. Basi mafuta chini ya dola 10,500 ni hasara kabla hata hujawasha taa.

Wanaosema "ongeza thamani" hawapigi hesabu ya saba kwa moja. Wanaangalia bei ya kilo ya mafuta, wanaangalia bei ya kilo ya ua, wanaona moja ni kubwa, wanakimbilia benki.

Lakini upande wa pili upo. Pale mezani kwa akina mama kunabaki majani madogo yenye utomvu, maua madogomadogo na vumbi. Tuseme yana THC asilimia 6. Mzigo huo hauuziki kama ua, hakuna duka la dawa litakalouchukua. Ukitaka kuuchoma, lazima uite mashahidi na uandike karatasi nyingine. Huo ukiukamua, kilo 21 zinakupa kilo moja ya mafuta, na malighafi umeipata karibu bure. Hapo mtambo unalipa.

Ni kama ndizi. Mkungu mzuri unauza mkungu. Zilizoiva kupita kiasi unazipikia kabalagala, vile vijichapati vya ndizi. Sijaona mama yeyote anakata mkungu mzuri akapike kabalagala kwa sababu kilo ya kabalagala ina bei kuliko kilo ya ndizi.

Haya, karibuni mnipinge.

---

BwanaKiboko (Masaka)

Ssebo umeandika vizuri lakini sikubaliani nawe. Mimi ni mtu wa kahawa. Baba yangu aliuza kiboko (kahawa kavu na maganda yake), mimi nauza kase (iliyokobolewa), na mtoto wangu naye ataona meli inabeba ileile kase. Miaka yote hiyo tunaambiwa "kukaanga hakulipi, mteja anakaanga mwenyewe kwake". Leo nasikia wimbo uleule kwenye bangi. Mwenye kununua ghafi siku zote atakuambia ghafi ndiyo inalipa.

Halafu umesahau kusafirisha. Kilo 14 badala ya kilo 100 kwenye ndege ya Entebbe, hiyo si tofauti?

---

MtunzaStoo

Bwana Kiboko, heshima yako. La ndege ni dogo kuliko unavyodhani. Kwenye kahawa nauli inauma kwa sababu kilo yenyewe ni dola chache. Kwenye mfano wangu mzigo wa kilo 100 una thamani ya dola 150,000. Hata nauli ikiwa dola 10 kwa kilo, ni dola 1,000 jumla. Haijengi kiwanda hiyo.

Ila kuna kitu umekigusa bila kukitaja, nacho ni muda. Kase yako ikikaa ghalani miezi kadhaa bado ni kase. Ua la bangi linakufa polepole. Harufu inaondoka kwanza, kisha THC inageuka kuwa CBN, kitu kingine kilicho dhaifu zaidi, na mnunuzi akipima akakuta namba imeshuka chini ya ile ya kwenye lebo, mzigo si wake tena, ni wako. Mafuta yaliyofungwa vizuri gizani yanavumilia zaidi. Kwa hiyo mafuta yanakununulia muda wa kutafuta mteja. Hiyo hoja naikubali. Lakini wewe ulisema faida, na huo muda naona ni bima zaidi kuliko faida.

---

DadaWaBusia

Mnapiga hesabu za dola hapa, kijana wa jirani yangu yuko ndani kwa misokoto miwili. Naomba mwanzisha uzi aandike kwa herufi kubwa kwamba haya ni ya wenye leseni. Kuna watoto wanasoma humu.

---

MtunzaStoo

Nnyabo una haki, niliona kama inajulikana. BILA LESENI NI JELA. Wengine wanachanganywa na ile hukumu ya Mei 2023, Mahakama ya Katiba ilipoifuta sheria ya dawa za kulevya. Iliifuta kwa sababu Bunge lilipitisha bila kutimiza idadi ya wabunge, na kesi yenyewe ilipelekwa na wakulima na wauzaji wa mairungi wa Wakiso. Haikusema bangi ni halali. Na Bunge likapitisha sheria mpya mwaka huohuo wa 2023. Kulima bangi ya dawa ni kwa ruhusa ya serikali upande wa afya, na Mamlaka ya Dawa iko mlangoni.

Pia msidanganywe kwamba mafuta yako nje ya sheria kwa vile "si majani". Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 umetaja dondoo za bangi, yaani vilivyokamuliwa, kwa jina lake, pamoja na ua na utomvu. Ile kura ya tume ya Umoja wa Mataifa ya Desemba 2020 kule Vienna, 27 kwa 25, iliitoa bangi kwenye orodha kali zaidi tu ya mkataba huo. Kwenye Orodha ya Kwanza bado imo.

---

BossMdogo256

Wazee mnazunguka sana. Mimi nimeona video, jamaa anatumia mtungi wa gesi na bomba, dakika 20 mafuta haya hapa. Mtambo wa nini? Si tuanze kidogokidogo

---

FundiMitungi (Jinja)

Kijana, nimefanya kazi kwenye kiwanda cha spiriti miaka 14, ngoja nikuambie kitu kimoja tu kisha unyamaze. Gesi ile ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu ikatoka dirishani, inalala sakafuni kama maji usiyoyaona, inatambaa hadi chumba cha pili, inasubiri mtu awashe sigara au friji ijiwashe. Huko Marekani nyumba zimelipuka hivyo, watu wamechomeka ngozi. Na hata usipolipuka, hakuna duka la dawa duniani litakalonunua mafuta yaliyotoka kwenye sufuria yako. Utamuuzia nani? Mtaani. Sasa soma tena alichoandika Dada wa Busia.

Nikirudi kwa wakubwa. Mtunza Stoo, hesabu yako ya saba kwa moja nimeirudia kwenye karatasi, imesimama. Niongeze upande wa mitambo maana hapo ndipo pesa zinapomwagika.

Njia zinazokubalika kwa kiwango cha dawa ni hasa mbili. Ya kwanza ni kaboni dayoksaidi iliyobanwa. Juu ya nyuzi 31 na mgandamizo wa kama baa 74 (baa ni kipimo cha mgandamizo) inakuwa si gesi wala si maji, inapenya ndani ya majani kama mvuke na kuyeyusha utomvu kama kimiminika. Safi, haiachi kitu. Lakini mashine inafanya kazi kwenye mamia ya baa, bei yake ni ya kutisha, na sili moja ya kuzuia uvujaji ikipasuka unasubiri spea kutoka ng'ambo huku mzigo unazeeka stoo.

Ya pili ni spiriti, na hii ndiyo lugha yangu. Unaloweka, unachuja, unaivukiza spiriti, unaikusanya utumie tena. Watu wanasikia "unaitumia tena" wanadhani ni bure. Kila mzunguko unapoteza kiasi: imebaki kwenye majani, imetoka kwenye hewa, imemwagika. Halafu ukiitumia ikiwa ya joto inabeba nta na ile rangi ya kijani, mafuta yanatoka kama matope ya bwawani. Ndiyo maana wanaipoza hadi chini ya sifuri, nyuzi 40 hasi. Sasa fikiria kupoza mapipa ya spiriti hadi hapo kwenye joto letu, na umeme wetu huu unaokuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Tangu Aprili 2025 shirika la serikali la UEDCL limechukua usambazaji kutoka kampuni ya Umeme, sawa, mimi jenereta yangu sijaiuza.

Na chumba cha spiriti si chumba cha kawaida. Swichi, taa, feni, vyote viwe vya aina isiyotoa cheche, maana mvuke wa spiriti unashika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba. Nimeona wawekezaji wamenunua mtambo mzuri kabisa, wakasahau kwamba chumba kinaweza kugharimu karibu sawa na mtambo.

Jambo la mwisho. Wazee wetu waliujua mchezo huu. Sheria ya Enguli (pombe kali ya kienyeji) ya 1965 ilikataza kukeneka bila leseni, na mwenye leseni akatakiwa kuuza enguli yake kwa kiwanda kilichoisafisha na kutoa Uganda Waragi. Mzee kijijini alikuwa na mtambo wake, pipa na bomba la shaba, alikuwa "ameongeza thamani" tayari, ndizi zimekuwa pombe kali. Lakini chupa yenye lebo haikuwa yake. Kumiliki mtambo si kumiliki soko.

---

BwanaKiboko

Fundi hiyo ya enguli umenipiga chini ya mkanda. Babu yangu alikuwa mmoja wao 😂

Endeleeni, niko hapa.

---

Mhasibu_Ntinda

Niongeze la bei, kwa sababu wote mmepiga hesabu kama vile bei ya mafuta imesimama.

Wamarekani walihalalisha katani (si mkonge, ni bangi isiyolevya), yenye THC isiyozidi asilimia 0.3, Desemba 2018. Mwaka 2019 kila mtu akalima, kila mtu akanunua mtambo wa kukamua CBD, kiambata kingine cha bangi kisicholevya. Unga mweupe wa CBD safi ulikuwa ukiuzwa maelfu ya dola kwa kilo. Haikuchukua miaka mitatu, ukashuka hadi mamia. Kampuni ya GenCanna ya Kentucky, iliyokuwa miongoni mwa kubwa, iliomba ulinzi wa kufilisika Februari 2020. Kanada nako yalikuwepo makampuni yaliyojengwa kwa ajili ya kuwakamulia wengine tu, yakavimba 2019, yakasinyaa 2020.

Sababu ukiiangalia ni nyepesi. Ua lina jina: aina fulani, harufu fulani, mkulima fulani. Mafuta yaliyokenekwa hadi asilimia 85 hayana jina. Ya Lesotho, ya Kolombia, ya Uganda, yakiwa kwenye chupa ni mamoja. Na kitu kisicho na jina kinauzwa kwa bei ya aliyechoka kuliko wote. Kwa hiyo ukitoka kwenye ua kwenda kwenye mafuta, badala ya kupanda unaweza kuwa umeingia kwenye soko ambalo wewe na tajiri wa Kanada mwenye shehena iliyomdodea mnauza kitu kilekile, na yeye anataka tu kuondoa mzigo.

Wapo waliotoka salama: waliogeuza mafuta kuwa dawa yenye usajili. Epidiolex, dawa ya kifafa cha watoto, ilipitishwa Marekani Juni 2018, na kampuni iliyoitengeneza ikanunuliwa 2021 kwa zaidi ya dola bilioni 7. Lakini hapo wanalipwa kwa majaribio ya wagonjwa na hataza. Kukamua ni sehemu ndogo sana ya hesabu yao.

---

MtunzaStoo

Mhasibu asante, hiyo ya kukosa jina nilikuwa naitafuta namna ya kuisema.

Na mjue soko halitaki kitu kimoja kila mahali. Ujerumani wagonjwa wengi wanachukua ua. Walipoiondoa bangi ya dawa kwenye sheria ya dawa za kulevya Aprili 2024, uagizaji wao ulipanda kutoka takriban tani 32 mwaka 2023 hadi takriban 72 mwaka 2024. Brazil ni kinyume: tangu Julai 2023 wamezuia kuingiza ua kabisa, wanataka mafuta na bidhaa zilizotengenezwa. Kwa hiyo swali la "ua au mafuta" usilijibu ukiwa shambani. Unalijibu ukiwa na barua ya mnunuzi mkononi. Sisi tulilima kwanza. Ndipo nikajikuta na stoo iliyojaa na simu isiyolia.

Niwasimulie basi. Kulikuwa na mapipa 14 ya ua zuri, mimi mwenyewe nilikuwa nayafungua kila Jumatatu kupima unyevu. Mvua za Oktoba zikaingia, mashine ya kukausha hewa ikafa usiku, hakuna aliyejua hadi asubuhi. Wiki iliyofuata nafungua pipa la tisa, nasikia harufu ya godoro lililolowa. Si harufu kali, ni kidogo tu, kama kabati la bibi. Nikajua. Vipimo vikarudi: ukungu umezidi kiwango. Wakubwa wakasema hakuna shida, tutayakamua, spiriti inaua ukungu.

Ni kweli inaua. Lakini sumu ambayo ukungu umeshaiacha haifi kwa spiriti. Na hapa ile saba kwa moja inageuka dhidi yako: vingi vinavyoyeyuka pamoja na utomvu, dawa za wadudu kwa mfano, vinakusanyika. Kilichokuwa kidogo kinachoruhusiwa kwenye kilo saba za ua kinaweza kuonekana mara kadhaa zaidi kwenye kilo moja ya mafuta. Mzigo uliofeli kidogo kama ua unaweza kufeli vibaya zaidi kama mafuta, na umeshaulipia umeme.

Tuliyachoma mapipa matano. Mashahidi walikaa upande usio na moshi.

---

Nyamwamba_Kwetu (Kasese)

Kaka hapo umenigusa. Sisi huku kuna kikundi kimetushawishi tutoe ardhi ya bondeni, karibu na mto, eti hali ya hewa ya Kasese ni kavu, ukungu hakuna. Wanataka kukamua mafuta, si ua. Unasemaje?

---

MtunzaStoo

Ndugu, ukavu ni kweli, Kasese ukungu unasumbua kidogo kuliko kwetu huku kwenye mvua. Lakini uliza kuhusu udongo kabla ya hewa.

Bangi ina tabia ya kunyonya metali kutoka ardhini. Katani imewahi kutumika kusafisha ardhi iliyochafuka kwa sababu hiyohiyo. Na ninyi mnakaa chini ya Kilembe. Machimbo yale yameacha marundo ya mabaki yenye shaba na kobalti kando ya Nyamwamba, na mto ulipofurika Mei 2013 na tena Mei 2020 ulibeba vitu hadi mashambani. Sisemi shamba lako limechafuka. Nasema kabla ya kusaini chochote, chota udongo sehemu tano, upeleke maabara. Kikundi kikikataa kulipia kipimo hicho, umeshapata jibu lako.

Na ukitaka kulima humohumo kwa udongo wa kuleta, kwenye mifuko chini ya nailoni, inawezekana, ila hapo hesabu ya "ardhi ya bei rahisi" imekufa.

---

FundiMitungi

Kilembe mmenikumbusha. Mnajua ile shaba haikuyeyushwa Kasese? Reli ilifika Kasese 1956, shaba ikapakiwa hadi hapa Jinja kwenye tanuri, kwa sababu bwawa la Owen Falls lilikuwa limefunguliwa 1954 na umeme ulikuwa huku. Walisafirisha jiwe kuvuka nchi nzima kuufuata umeme. Wazungu wale walikuwa wabahili, na mbahili hapotezi nauli bure.

---

BwanaKiboko

Sawa, naanza kulainika lakini sijaanguka. Nina wazo. Kijijini kwetu hakuna mtu mwenye mashine yake ya posho. Iko moja, kila mtu anapeleka mahindi, analipa kwa kilo, anaondoka na unga. Kwa nini mashamba yenye leseni yasiwe na mtambo mmoja, Jinja huko kwa Fundi, kila mmoja apeleke majani yake yaliyobaki? Kila mtu auze ua lake, kabalagala ipikwe jiko moja.

---

Mhasibu_Ntinda

Wazo ni zuri na ndilo ningelipa pesa yangu. Mitego ninayoiona ni kwenye malipo. Ukilipa kwa kilo inayoingia, mwenye mtambo hana haraka ya kukutolea mafuta mengi. Ukilipa kwa kugawana mafuta, siku bei ikianguka yeye naye hana pesa ya dizeli, mtambo unasimama na majani yenu yote yako kwake. Wakulima wengi wa Marekani wa 2019 walikamatwa hapo: walipeleka mzigo, wakaahidiwa nusu, wakabaki na madumu wasiyoweza kuyauza.

Ningelipa kwa gramu ya CBD au THC iliyotoka, ikipimwa na maabara ya tatu ambayo si yake wala yangu.

---

FundiMitungi

Na kuosha mtambo kati ya mteja na mteja. Majani ya mmoja yakiwa na dawa ya wadudu, mteja anayefuata anaondoka nayo. Unaosha kwa spiriti, unapima maji ya kuoshea, unaandika. Hiyo ni siku nzima hujazalisha kitu. Posho mill haina shida hiyo, vumbi la mahindi ya jirani halikuui.

Lakini naungana na Kiboko. Mtambo mmoja unaofanya kazi siku 250 ni bora kuliko mitambo sita inayofanya kazi siku 40. Nimeona mtambo wa mamilioni umefunikwa turubai, kuku wametaga juu yake.

---

DadaWaBusia

Mayai ya kuku hao angalau yaliuzika.

---

MtunzaStoo

😂😂 Dada umeniua.

Bwana Kiboko, hilo la jiko moja ninalikubali, na ningeongeza: kila shamba likaushe na lichambue kwake, lisipeleke majani mabichi. Majani mabichi yanaoza kwenye lori kabla hayajafika Kampala. Na kila mmoja aende na cheti cha maabara mkononi, mzigo usio na cheti usivuke geti. Leseni ya kukamua ni nyingine na ya kulima ni nyingine, kwa hiyo mtu mmoja kubeba ile ngumu kwa niaba ya wengine kuna maana.

Mkiwa na mashamba mawili tu nchi nzima, jiko hilo litalala njaa. Hapo afadhali uchome mabaki na uombe mashahidi wasichelewe.

---

ShemWaMbarara

Shem, nimefungua akaunti leo ili nikujibu. Nimesoma yote, nimemsomea na mjomba kwa sauti hadi kwenye ile saba kwa moja. Amenyamaza muda. Kisha akauliza maswali mawili: la kwanza, hiyo barua ya mnunuzi inapatikana wapi. La pili, kama sisi tuna matooke tayari, hiyo kabalagala ulikuwa unasema tuipike kweli au ulikuwa unatolea mfano?

---

MtunzaStoo

Shem, la pili lina jibu rahisi kuliko la kwanza. Nipigie saa mbili usiku, umeme ukiwa umerudi nichaji simu.